Jina Lililopigwa Eksi

"Koili ni yako, Mama Peterson, na harufu ya waya ulioungua inatoka kwako. Sasa unataka kuniambia nini?"

"Nakuambia utoke mlangoni mwangu na huo mwiko."

Nilikuwa nimeushika mwiko kweli, na unga ulikuwa umenifika kwenye viwiko. Ilikuwa Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, na stima ya ploti nzima ilikuwa imejikata kwa mara ya tatu wiki hiyo, kwa sababu jirani yangu Mama Peterson hawezi kuoga maji ya jiko kama watu wengine. Lazima atumbukize koili ya umeme kwenye ndoo. Ploti yetu hapa Section 58, Nakuru, ina milango kumi na miwili, meni switchi moja ya stima na siri sifuri. Watu walikuwa wametoka kwenye korido kusikiliza, na sitasema uongo, mimi napenda korido ikijaa.

Nikamweleza mbele ya wote kwamba mchumba wangu Kiplangat ana kompyuta ndani, kwamba kila stima ikipotea ghafla kompyuta inaumia, na kwamba kijana wa watu anatafuta riziki yake humo. Mama Peterson alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Halafu akatabasamu. Heri anitukane kuliko anitabasamie.

"Umemaliza? Ningekuwa wewe, Mama Chapo, nisingeililia kompyuta. Ningeuliza ni nani huwa amekaa mbele yake."

"Anakaa Kiplangat. Ni yake."

"Na yule msichana wa mzee Gurdial wa hardware je? Ijumaa alikuwa hapa tangu saa nane mpaka saa kumi. Wewe ulikuwa hotelini kwako ukipakulia watu chapati. Mlango waliuacha wazi, hiyo nitasema, mimi si mtu wa kusingizia. Lakini kucheka walicheka. Na akamsindikiza mpaka steji ya matatu."

Mtu akakohoa. Ndung'u, keyateka anayetutunzia ploti, akachagua wakati huo huo kuisukuma switchi juu, redio zote zikarudi kwa pamoja, na majirani wakaingia ndani kunijadili vizuri.

Mimi nilibaki pale na mwiko wangu. Ijumaa jioni nilikuwa nimemuuliza Kiplangat siku yake ilikuwaje. Alinijibu kwamba alikuwa peke yake na kompyuta kutwa nzima. Alilisema hilo akiwa na chapati yangu mdomoni.

Jasleen, huyo binti wa mzee Gurdial, nilimjua kwa jina tu. Walisoma pamoja chuo kikuu, darasa moja, wao wawili pekee kutoka Nakuru. Sasa alikuwa na kazi Nairobi, na kila mwisho wa wiki, tangu Ijumaa mchana, alirudi kwa baba yake mjini. Kiplangat alikuwa amenieleza kwamba wako watu wa nchi nyingi wanaotengeneza programu moja bila mshahara, na kwamba yeye na Jasleen ni miongoni mwao. Programu yenyewe kazi yake ni kukumbuka. Ukiandika kitu leo, ukakibadilisha kesho, ukakiharibu keshokutwa, yenyewe inakumbuka kilivyokuwa siku zote tatu.

Nilipomwambia sijaelewa, alitumia jiko langu. "Cheme, ukirudi jikoni huonji kila sufuria. Unaangalia vifuniko. Kifuniko kikiwa ulivyokiacha, unajua hakuna aliyegusa, unapita. Kikiwa kimesogea, ndipo unafungua na kuonja. Sasa hii programu nayo ina orodha ya mafaili yote, saa kila faili lilipoguswa na ukubwa wake. Kila mara lazima izunguke ikiangalia vifuniko. Jasleen anataka izunguke haraka zaidi."

Kazi ya Kiplangat ilikuwa kusoma alichoandika Jasleen, mstari kwa mstari, aseme hapa sawa, hapa rudia, na mwisho aweke jina lake kwamba amekisoma na amekikubali. Wiki tatu alikuwa akisoma. Wiki tatu nikawa nikimwona ameinamia maandishi ya mwanamke mwingine, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayesali.

Mama yake Kiplangat, aliyeko Longonot na shamba lake la mahindi, aliwahi kuniuliza swali moja tu tangu tujuane. Aliniuliza kwa upole, akinitilia chai. "Mwanangu amesoma mpaka chuo kikuu, na wewe uliachia kidato cha pili. Watoto wakilala, mtakuwa mkiongea nini, unga?" Wazee wao walikuwa waje kwetu Jumamosi inayofuata kuanza mazungumzo ya ndoa. Siku sita zilikuwa zimebaki, na mimi usingizini bado nilikuwa nikitafuta jibu la lile swali.

Ufunguo wa nyumba ya Kiplangat ninao. Mlango wake unatazamana na wangu. Yeye alikuwa ameenda saiba mjini, kwa sababu hapa kwetu hakuna intaneti; huko hupakua barua pepe zake kwenye flash disk na kuja nayo nyumbani. Nikanawa unga, nikaingia, nikawasha kompyuta. Kuiwasha, kufungua faili na kusevu alinifundisha yeye mwenyewe, ili niwe napiga chapa menyu ya hoteli.

Pembeni ya skrini tarehe ilikuwa Januari mosi 2002, na sisi tulikuwa Agosti 2007. Hiyo haikunishangaza. Betri ndogo ya ndani ilikufa zamani, na kila stima ikikatika saa ya kompyuta inarudi mwaka ule. Kiplangat hataki kuibadilisha. Anasema hiyo ndiyo shida yenyewe wanayoitafutia dawa, maana saa ikirudi nyuma, ile programu inachanganyikiwa, inadhani kila kifuniko kimesogea, na inaanza kuonja sufuria zote, moja moja, mpaka unazeeka.

Nikafungua barua. Kiingereza changu si kingi lakini wivu unatafsiri haraka.

"Kip, nimesoma maneno yako mara tatu. Hakuna mwingine anayenisoma mpaka mstari wa mwisho."

Kip. Mimi humwita Kiplangat, jina zima.

Na yeye akamjibu: "Jas, usiwe na haraka. Mstari wa arobaini na moja umenipendeza sana. Wa arobaini na nne bado unanisumbua. Njoo Ijumaa tuuangalie pamoja."

Miaka miwili tuko pamoja, na barua ndefu kuliko zote niliyowahi kupata kwake ilikuwa SMS ya kusema ugali usipoe. Nikaendelea kusoma, na kila barua ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, zina subira, zina pole na ahsante. Ya mwisho ilikuwa ya Jumamosi: "Nangoja jina lako, Kip. Bila jina lako siwezi kutuma."

Nikaifungua ile kazi yenyewe. Sikuelewa hata mstari mmoja, ila juu kabisa kulikuwa na majina ya walioliandika faili hilo, aliyelianza na aliyeliendeleza. La Kiplangat, na chini yake la Jasleen. Yalikuwa yamepangwa vizuri, yamepumzika, kama kwenye kadi ya harusi.

Mikono yangu haikuniuliza. Nikaenda kwenye jina lake, nikafuta herufi moja na kuweka eksi mahali pake. Nikafuta ya pili, nikaweka eksi. Nilienda polepole kama mtu anayenyonyoa kuku, mpaka Jasleen akaisha, zikabaki eksi saba zimepiga mstari. Nikasevu. Kwa muda wa kama kumeza mate, nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza mbele ya mchungaji.

Halafu nikasikia sauti mbili kwenye korido, moja yake Kiplangat, na moja inacheka.

Nilifunga kila kitu na kushika kitambaa kilichokuwa mezani, nikaanza kufuta vumbi. Waliingia pamoja. Kiplangat aliniona, uso wake ukabadilika kidogo sana, kama mtu aliyekanyaga hatua ambayo haipo. Jasleen yeye alikuja moja kwa moja na kunipa mkono. Alikuwa mrefu, nywele zimesukwa msokoto mmoja mpaka kiunoni, bangili ya chuma mkononi, na macho makubwa yaliyochoka.

"Niaje, Chemeli. Nimesikia sana habari zako."

Nikajibu poa. Nilitamani kumwambia kwamba zake mimi nilikuwa nimezisikia asubuhi hiyo hiyo, kwa Mama Peterson.

Kiplangat akasema wamekutana saiba, na kwamba wamekuja kujaribu mara ya mwisho kabla ya kutuma. Alisema akinitazama begani, si machoni. Nikauliza kama stima kukatika hakujawaharibia. Jasleen akasema hapana, ni bahati, hakuna jaribio zuri kama hilo. Kompyuta sasa inaamini ni 2002, na wataona kama programu bado inachanganyikiwa.

Wakakaa. Kiti kimoja na ndoo moja iliyopinduliwa, magoti yao karibu. Mimi nilisimama nyuma nikifuta rafu ambayo ilikuwa safi tangu Alhamisi. Jasleen akaandika amri, akabonyeza. Kabla sijafika mwisho wa rafu, jibu lilikuwa limetoka.

"Sekunde moja," Jasleen akasema kwa sauti ya chini. "Kip, sekunde moja. Zamani ilikuwa dakika nne."

"Na inasema?"

"Inasema hakuna faili lililobadilika. Kila kitu kiko kilivyoachwa."

Kiplangat alicheka kile kicheko chake cha chini, akampiga begani kama anavyompiga mchezaji mwenzake wa mpira, na mkono ukakaa pale muda niliouhesabu. Kisha akavuta kibodi upande wake. Alikuwa anaenda kuweka jina.

Nami nilisimama pale na kitambaa, nikafikiri. Kompyuta imesema hakuna aliyegusa kitu. Basi nimepona. Wataituma kazi yao, Jasleen atarudi Nairobi, zile eksi zitalala humo bila mtu kujua, na Jumamosi wazee watakuja kwetu. Nilichohitaji kufanya ni kunyamaza. Mimi, mtu ambaye hajawahi kunyamaza.

Lakini nilikuwa nimegusa. Nilijua kwa vidole vyangu kwamba nimegusa. Kama kifuniko hakikusema, basi hata nyumba ya mtu mwingine, nchi nyingine, mtu atatia mkono sufuriani na programu itamwambia mwenye nyumba lala salama. Na chini ya huo uongo kungekuwa na jina la Kiplangat.

"Hiyo programu inawadanganya," nikasema.

Waligeuka wote wawili. Kiplangat alitaka kutabasamu, akidhani ni utani.

"Fungueni lile faili lenye majina yenu."

Jasleen ndiye aliyefungua. Sikutazama skrini, nilitazama shingo yake, nikaiona inavyokaza. Kwa Mama Peterson redio ilikuwa ikiimba nyimbo za kanisa.

"Ni nani alifanya hivi?" Kiplangat aliuliza, ingawa alijua.

"Ni mimi. Leo, stima iliporudi. Nilisoma na barua pia."

"Uliingia kwenye barua zangu."

"Niliingia. Uliniambia Ijumaa ulikuwa peke yako. Nikaambiwa na Mama Peterson, mbele ya korido nzima, mimi nikiwa na mwiko mkononi. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningeuliza, Chemeli."

"Niliuliza Ijumaa. Ulinijibu ukitafuna."

Kiplangat akasema taratibu, na hilo lilinitia hofu kuliko kelele. Alisema Jasleen alikuja Ijumaa kwa kazi hiyo, ndiyo, lakini pia alikuja kumwambia kwamba amemuulizia nafasi ofisini kwao Nairobi. Wanamtaka mwezi ujao. Hakutaka nijue kabla hajakataa.

"Na umekataa?"

"Bado."

Neno dogo kama lile, na lilinichoma kuliko zile barua zote.

"Nilitaka wazee waende kwenu kwanza," akasema. "Ningekwambia, ungesema funga virago, kisha ungekaa hapa ukiumia peke yako ukichoma chapati. Au ungeacha hoteli yako unifuate, na baadaye uje kunichukia. Nilikuwa sijui nakwambiaje."

"Kwa hivyo ukaniamulia. Wewe na Jasleen mkajua maisha yangu, mimi nikawa wa mwisho."

Jasleen alikuwa amebaki ameinamia skrini wakati wote huo, akihesabu kitu kwa kidole. Kisha akasema, si kwetu, kama anayejisemea, kwamba ni mstari wa arobaini na nne. Akaeleza, na ajabu ni kwamba nilielewa. Alikuwa ameiambia programu kwamba saa ikionekana imerudi nyuma, isiiamini saa tena, iangalie ukubwa wa faili peke yake. Nami nilikuwa nimetoa herufi saba na kuweka eksi saba. Ukubwa ni ule ule. Programu ikapita na kusema salama.

"Watu wanne wameusoma mstari huu," alisema. "Wanne, na Kip wa tano. Ungeenda na jina langu. Ni kazi yangu ya kwanza kwenye programu hiyo." Akageuka na kunitazama sawasawa. "Ungeweza kunyamaza."

"Najua."

"Mwaka wa tatu nilimpenda, sitakudanganya. Yeye hakuona. Sasa hivi nilichotaka kwake ni macho yake kwenye kazi yangu, kwa sababu kwetu hakuna anayeuliza ninafanya nini. Baba anauliza tu nitaolewa lini. Lakini barua zangu ukizisoma kama ulivyozisoma wewe," akasita, "labda hata mimi sijui."

Nilimshukuru moyoni kwa kutonidanganya, na wivu wangu ukapanda papo hapo, maana adui mwongo ni rahisi, huyu sasa ningefanya nini naye. Alichukua mkoba wake, akamwambia Kiplangat asiweke jina, anaiondoa kazi, ataiandika upya. Akatoka.

Tukabaki wawili. Nilingoja anisogelee. Hakunisogelea. Alikaa amezishika nywele zake kwa mikono miwili, akaniambia kwamba ana hasira na mimi, na ana hasira na yeye mwenyewe, na hajui ipi ni kubwa. Nikamwambia akijua aniambie mapema safari hii. Nikatoka nami.

Jasleen alikuwa bado kwenye korido, amesimama kando ya mtungi wa maji, anafuta macho kwa kiganja akijifanya ni jua. Mama Peterson alikuwa amechungulia mlangoni pake na taulo kichwani, ameshiba habari. Nilimtazama yule msichana. Nilitazama ule msokoto wa nywele na ile bangili, na mikono iliyomwandikia Kiplangat wangu barua ambazo mimi siwezi kuandika. Nilitaka aende. Nilitaka pia kujua ule mwaka wa tatu ulikuwaje, kila kitu, mwanzo mpaka mwisho.

"Umekula?" nikamuuliza.

Akatingisha kichwa kwamba bado. Akasema yeye hali nyama.

"Ni madondo, maharagwe tu."

Aliingia akavua viatu mlangoni ingawa sikumwambia. Nikamkalisha kwenye stuli karibu na jiko, nikarudi kwenye unga wangu. Chapati ya kwanza niliichoma upande mmoja, nikaila mwenyewe. Ya pili nikampa, na madondo juu. Alipomaliza nusu, aliniuliza nilijuaje, pale nyuma na kitambaa, kwamba kunyamaza kwangu kungemharibia Kiplangat jina, na mimi sijasoma mambo hayo. Nikamwambia mimi nina hoteli. Anayelishwa chakula kibovu hamlaumu sufuria, anamlaumu aliyesema kimeiva. Akacheka, na nikagundua ni kile kicheko nilichokisikia kwenye korido asubuhi, na kwamba hakikuwa cha mapenzi wala cha dharau. Ndivyo tu anavyocheka.

Bado nilikuwa na wivu. Naandika hivi ili mtu asidhani nilipona kwa chapati moja.

Ndipo mlango ukagongwa. Ulikuwa wazi, na bado ukagongwa, mara mbili, kwa adabu. Kiplangat hajawahi kubisha kwangu tangu nimjue. Huingia akiita jina langu huku anafunua sufuria. Sasa alikuwa amesimama nje ya kizingiti, mikono mfukoni, macho yake yamenitazama mimi, si begani.

"Hodi," akasema. "Nimekuja kukuuliza, na sijui jibu. Kuhusu Nairobi. Nataka kukuuliza kabla sijawajibu wao."

Jasleen akaacha kutafuna. Alimtazama, kisha akanitazama mimi, akangoja niamue. Nje, mlango wa Mama Peterson ulifunguka kidogo zaidi.

Niligeuza chapati. Nikaiacha ishike rangi, makusudi ili angoje, na yeye akasimama pale pale bila kuvuka. Kisha nikasukuma stuli ya pili kwa mguu, ikawa kati ya yangu na ya Jasleen, nikafikiri, nikaivuta tena mpaka upande wangu wa jiko.

"Maswali ya Nairobi hayaulizwi mtu akiwa na njaa," nikamwambia. "Ingia ule."